Habari Ziwafikie Ndugu wa Getanuwas

Kainam, Mbulu,
21 Septemba 2025

Mpendwa kaka Gidion,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kahama, wewe na wifi Glory na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia. Huku kwetu baridi imepungua, upepo ndio umebaki, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria. Mahindi tumeshavuna, maharage yalikuwa ya kubahatisha. Ng'ombe wako yule mwenye pembe moja amezaa jike, na mdogo wako Pascal anamtunza vizuri, hata kama hutaki kusikia jina la Pascal. Ningependa kuandika kwamba sisi hatujambo, kaka, lakini nitakuwa nimedanganya kwenye aya ya kwanza, na mwalimu hafai kuanza hivyo.

Najua utajiuliza kwa nini barua, zama hizi. Kwanza, hupokei simu. Nimepiga kwa laini yangu, nimepiga kwa laini ya mwalimu mkuu, nimeandika kwenye lile kundi la ukoo mpaka nikagundua kwamba ulishajitoa. Sikulaumu sana. Maneno mliyorushiana na Pascal juu ya shamba la mtoni siku ya kikao yaliniumiza hata mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na chai yangu. Pili, haya ninayotaka kukueleza hayafai simu hata kama ungepokea. Kwa hiyo nampa mwalimu mwenzangu Restituta, anayekuja huko kumwona binti yake aliyejifungua, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu dukani. Isome ukiwa umekaa, na uisome yote kabla hujakasirika. Nakujua.

Mama anaumwa, kaka. Si ile presha yake ya siku zote. Tangu Pasaka miguu imevimba, na kupanda kutoka jikoni mpaka nyumba kubwa kunamchosha mpaka anakaa njiani. Daktari alituambia moyo umechoka, akatupa dawa, na alivyotuaga nilielewa kwamba dawa zenyewe ni za kutuliza tu. Nilimwita Padre aje ampake mafuta ya wagonjwa. Alikuja na kila kitu chake, na Mama akamkatalia. Yule Mama yetu ambaye hakuwahi kukosa misa hata wakati wa masika, alimwambia Padre kwa adabu kabisa arudi kwanza, atamwita. Padre alipoondoka nikamwuliza kulikoni, nikiwa nimeshaanza kufoka, nakiri. Ndipo akaniambia nimtafutie Lucia, na Lucia akija, Padre naye aje.

Mimi na wewe tumekulia nyumba moja, na nina hakika hukuwahi kusikia jina hilo. Mama alisema ni mdogo wake, aliyemfuata ziwa moja. Alisema wakiwa wasichana Lucia alipata mimba kabla ya kuolewa, na kwa desturi ya wakati ule msichana wa namna hiyo haruhusiwi kuzalia kwenye ardhi yetu. Anaondolewa kabla tumbo halijawa kubwa, na nyumba yao inawekwa metimani: hakuna jirani anayeingia, moto hawaombi kwa mtu, ng'ombe wao hawanywi maji pamoja na wengine, mpaka muda utimie wasafishwe. Lucia akateremka tambarare za Hanang kwa wafugaji, kama walivyoteremka wengi kabla yake, kwa sababu kule hawakuwa na mwiko huo na mtoto wa tumboni alipokelewa kwa furaha. Basi. Hakurudi na hakutajwa tena. Mama alinisimulia haya akiutazama ukuta, na nilipouliza aliteremkia kijiji gani, alisema hajui, na kama angejua asingenisumbua mimi.

Unanifahamu, nikipewa kazi siwezi kulala. Likizo ya Juni niliianza kwa kwenda mjini kwenye ofisi za serikali, nikauliza kama ninaweza kuona karatasi za sensa ya mwaka 1967, kwa sababu Mama alikumbuka kwamba mwaka ule Lucia alipoondoka ndio watu walihesabiwa. Kijana niliyemkuta alikuwa mpole sana, akanieleza kama anavyomweleza bibi yake, kwamba sensa ni ya idadi na si ya majina, na kwamba hata kama majina yangekuwepo ni siri. Nikatoka pale na idadi ya watu wa wilaya nzima kwenye kipande cha karatasi. Nikajua kwamba mama mdogo wangu yumo humo au hayumo, na hakuna wa kuniambia.

Nikaenda parokiani. Mapadre wa zamani nao walikuwa na sensa yao, walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amebatizwa na nani bado. Katibu wa parokia alinifungulia stoo, nikakaa humo na mende wiki nzima. Nyumba ya Babu Qamara, baba yake Mama, ipo miaka ya kabla na miaka ya baadaye, lakini mwaka ule haipo. Nikafikiri ukurasa umechanika. Haukuchanika.

Aliyenieleza ni mjomba Joakimu, binamu yake Mama, ambaye sasa haoni vizuri lakini kusema anasema. Alicheka nilipomwambia nimehangaika na vitabu. Akaniambia nyumba ikiwa metimani katekista haingii, padre mwenyewe akitaka kuingia hapati wa kumsindikiza, sasa wataandikwa na nani? Kumbe yeye ndiye aliyemwongoza karani wa sensa ya serikali mwaka ule. Walipofika kwa Babu walisimama ng'ambo ya kijito, karani akauliza kwa sauti, na Babu akajibu kwa sauti kutoka upande wake. Karani alitaka kujua watu wangapi. Babu akapaza sauti kwamba ni yeye, mke wake na binti mmoja. Mjomba anasema alijua walikuwa mabinti wawili, karani hakujua, na wote waliokuwa wamesimama pale walinyamaza, kwa sababu aliyeondoka kwa njia ile alikuwa hasemwi. Karani akaandika mmoja. Mjomba aliponisimulia alikuwa bado anacheka, halafu akaacha.

Nilikata tamaa, kaka, lazima nikwambie. Nyumbani Mama ananiangalia kila ninapoingia, haulizi, ananiangalia tu mikono kana kwamba nitakuwa nimembeba mtu. Nikakumbuka magazeti.

Unakumbuka gazeti la kanisa, lile alilokuwa akipokea Baba kwa sababu ya ukatekista wake? Unakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akituketisha mimi na wewe, tukiwa na njaa, tumsomee tanzia kwanza kabla ya kitu kingine chochote? Wewe ulikuwa ukiwasoma marehemu wote kwa sauti ya padre mpaka unapigwa kikofi. Tulidhani anapenda kuwaombea wafu. Nilipomwuliza safari hii alisema ndiyo, alikuwa akiwaombea, lakini kwanza alikuwa akisikiliza kama Lucia yumo.

Sanduku la Baba bado liko chini ya kitanda na magazeti yote yamo, amepanga mwaka kwa mwaka. Nikasoma tanzia za zaidi ya miaka thelathini, mpaka nikawa ninaota vifo vya watu nisiowajua. Akina Lucia walikuwa wengi, hakuna aliyekuwa wetu. Lakini niliona pengo. Mwaka 1983, mwaka aliokufa Babu Qamara, toleo moja halikuwemo. Baba hakuwa mtu wa kupoteza gazeti. Nikarudi stoo ya parokia kwa mende wangu, nikalipata. Tanzia ya Babu ilikuwemo, imeandikwa na Baba mwenyewe, Kiswahili chake kile cha kunyooka. Mzee Qamara ameaga dunia baada ya kuugua, ameacha mjane na binti, amezikwa nyumbani kwake Kainam. Mwishoni kama kawaida: habari ziwafikie ndugu na jamaa wa Karatu, wa Dareda, na wa Getanuwas.

Ndugu wa Karatu tunao, wa Dareda tunao. Wa Getanuwas ni nani? Getanuwas iko kule tambarare za Hanang. Baba alijua. Miaka yote Mama anatukalisha tumsomee, Baba yuko pale pale anakunywa uji wake, na anajua. Nakumbuka toleo lile alimsomea Mama yeye mwenyewe, akasoma mpaka Dareda akakunja gazeti; kumbe baadaye aliliondoa sandukuni. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, nikaenda hata kaburini nikasimama pale bila kusali.

Mama sikumwambia kitu. Nilimwambia ninakwenda semina Babati, nikapanda basi mpaka Katesh, na kutoka Katesh bodaboda. Nilivyofika Getanuwas nikaulizia mwanamke mzee aliyetoka Mbulu zamani, jina lake Lucia. Hakuna Lucia. Walinitajia wengi waliotoka Mbulu zamani, ndipo nikaelewa tulivyokuwa wajinga na tanzia zetu. Msichana akiteremka kule alipewa jina la kule, na la nyumbani likaisha siku hiyo hiyo. Mama amesikiliza karibu maisha yake yote jina ambalo kule halikuitwa na mtu.

Mwishowe mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama huyo ninayemtafuta ndiye aliyekuwa akisomewa gazeti. Akanipa mtu wa kunipeleka, Gidahosh, mfugaji wa makamo, mtoto wa mke mwenza, ambaye anamtunza huyo bibi kama mama yake wa kumzaa. Gidahosh alinitazama usoni, akasema hana haja ya kuniuliza ninatoka kwa nani.

Kaka, ni Mama mtupu. Mkubwa kidogo wa mwili, amevaa bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, lakini ameketi kama Mama anavyoketi, mguu mmoja chini yake. Nilimwamkia kwa lugha yetu. Akanijibu, polepole, maneno mengine akiyatafuta, na swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Felician hajambo?"

Alikuwa akimwulizia Baba. Baba alifariki miaka miwili iliyopita, na tanzia yake niliiandika mimi, nikaipeleka gazetini na kwenye simu za watu, nikawataja ndugu wa Karatu, wa Dareda na wa Babati. Getanuwas sikuitaja kwa sababu sikujua. Kumbe mama mdogo alikuwa bado anasubiri Baba atume habari. Nilipomwambia alijifunika uso kwa shuka, na Gidahosh akatoka nje akatuacha.

Sasa, kaka, nimefika mahali ambapo kalamu haitaki. Nimekaa na barua hii tangu juzi nikiandika habari za ng'ombe na mende ili nisifike hapa. Nitakuandikia alivyonieleza mama mdogo Lucia, bila kuongeza langu.

Alisema hakuwa na mimba.

Alisema mwezi Julai mwaka ule bibi yetu alimsikia mmoja wao akitapika nyuma ya zizi alfajiri, giza bado. Walikuwa wakilala pamoja, hakujua ni yupi. Akawaita wote wawili, akauliza mara moja. Mama alikuwa ameshachumbiwa na Baba, ng'ombe wa mahari walikuwa wamepokelewa, na Baba mwenyewe alikuwa mbali kwenye chuo cha makatekista tangu mwaka uliotangulia. Kwa hiyo unaona. Mama aliinama, hakuweza kufungua mdomo, na Lucia akasema ni mimi. Anasema hakufikiri. Alidhani atateremka, dada yake ataolewa, halafu mambo yakipoa atarudi. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Baba aliporudi Agosti alikuta nyumba ya mchumba wake iko metimani. Mama alimweleza yote. Angeweza kudai ng'ombe wake na kila mtu angemwona ana haki. Badala yake alimtoa Mama akampeleka misheni kwa masista, wakafunga ndoa huko, akaomba apangiwe kigango cha Dareda. Walirudi hapa baada ya zaidi ya mwaka, wakiwa na mtoto anayetembea, na hakuna aliyehesabu miezi. Ndiyo maana cheti chako cha ubatizo ni cha Dareda. Mtoto huyo ni wewe, kaka.

Nani aliyempa Mama mimba hiyo, mama mdogo hajui. Nilimwuliza mara mbili. Anasema hakuwahi kumwuliza dada yake na hana mpango wa kumwuliza sasa. Mama naye sijathubutu. Kwa hiyo hilo sina la kukuambia, na ninajua ndilo utakalolitaka kwanza. Nisamehe.

Baba alimtafuta Lucia mpaka akampata, wewe ukiwa mdogo bado. Alikwenda kumrudisha. Lucia ndiye aliyekataa. Alimwambia akirudi wataulizana, na wakiulizana mtoto atakosa nyumba. Akamwapisha kwa msalaba aliokuwa amevaa, mambo mawili. La kwanza, asimwambie Mama yuko wapi, maana Mama angemfuata. La pili nitaliandika kama alivyolisema, kwa sababu ni lako:

"Nilimwambia, mtoto huyo nimemlipia mimi. Usimpige hata siku moja."

Siku ya kikao ulisimama mbele ya wazee ukasema Baba alikulea kama mgeni. Ulisema sisi wengine alituchapa mpaka tukakua, na wewe hakukugusa hata ulipopoteza mbuzi wa misheni, na kwamba mtoto asiyechapwa ni yule tu ambaye baba hamjali. Mimi nilikuwepo, nililia kwa sababu nilikumbuka ni kweli, hakukugusa. Nilikumbuka vile vile jinsi alivyokuwa akitoka nje siku umemkera, anakwenda kupasua kuni zisizohitajika. Nakuandikia tu nilichoambiwa.

Kule tambarare walimpokea vizuri. Mke mkubwa wa boma alilofikia hakuwa amepata mtoto bado na alikuwa akiusubiri huo uzazi wa mgeni kwa hamu. Tumbo halikutokea. Walidhani mimba imeharibika, wakampa pole, wakamwoza kwa mwenye boma. Akangoja kupata wa kwake. Hakupata, kaka. Mke mkubwa ndiye aliyekuja kupata baadaye, huyo Gidahosh, yeye hapana. Katekista wa kule, ambaye Baba alimpa siri, ndiye aliyemsomea tanzia ya Babu, na tangu siku hiyo kila gazeti likija alikuwa akienda kuuliza kama kuna chochote cha Mbulu. Kwa hiyo walikuwa wawili, mmoja juu mmoja chini, kila mmoja akisomewa wafu kumtafuta mwenzake. Katekista alipofariki, kusomewa kukaisha.

Nilimwambia Mama ni mgonjwa na anamsubiri. Nilidhani atasimama twende, nilikuwa nimeshapanga hata gari. Alitikisa kichwa. Nikadhani ni hasira, nikaanza kumwomba. Akaniambia hana hasira na mtu, niache kulia, nitaumwa kichwa. Kisha akasema:

"Nilitoka pale na mimba. Nikirudi mikono mitupu, wataniuliza mtoto nimempeleka wapi. Aje huyo mtoto anichukue, tuvuke wote."

Nilibishana naye siku mbili. Nilimwambia wazee wa zamani wamekwisha, metimani siku hizi watoto wanaisikia shuleni kama historia, hakuna atakayesimama ng'ambo ya kijito. Akasema yeye bado yupo, mjomba Joakimu bado yupo, na Mama bado yupo, na watatu wanatosha kuuliza. Hataki kuingia nyumba ya baba yake kwa uwongo mwingine, wala hataki kusema ukweli ambao wewe mwenyewe hujausikia. Ni wewe au basi. Nikaondoka peke yangu, Gidahosh akanisindikiza mpaka kwenye lami.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi kitandani. Hakuuliza nimetoka wapi, semina yangu haikumdanganya hata kidogo. Aliniangalia, akaniuliza kitu kimoja tu, kama Lucia alimwulizia Gidion. Nikasema ndiyo. Akalala, akageukia ukuta. Padre bado hajaitwa.

Ndiyo hali yangu, kaka. Sijui nifanye nini na kwa kweli hakuna ninachoweza kufanya. Siwezi kumleta mama mdogo. Siwezi kumlazimisha Mama apokee mafuta. Siwezi kukuomba uje bila kujua ninachokuomba: ukivuka kile kijito na yule bibi mkononi, wazee wataelewa kabla hamjafika uani, na wewe ndiye unayedai sehemu ya mzaliwa wa kwanza. Sheria siijui, lakini wazee ninawajua. Pascal sijamwambia. Naogopa atasema neno ambalo hatutaweza kulirudisha, na naogopa zaidi kwamba hatasema kitu, atanyamaza tu na kukuachia shamba, na wewe utamchukia kwa hilo. Nikikaa kimya Mama atakufa anasubiri. Nikikuandikia nakuvunja. Nimechagua kukuandikia, na tangu nichague sijala vizuri.

Usipokuja nitaelewa. Hakuna atakayejua kutoka kinywani mwangu, na utabaki kaka yangu mkubwa, nitakuamkia shikamoo mpaka meno yaniishe. Lakini ukija, basi lako la Singida linapita Katesh kabla ya kufika kwetu. Shuka hapo. Gidahosh nimemwachia namba yako, na yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Atakungoja stendi, hata ukimpigia ghafla. Usichelewe, miguu ya Mama imevimba mpaka magotini.

Kuna moja nilitaka kuliacha, halafu nikaona halikuwa langu kuliacha. Siku ya kuondoka nilimwuliza mama mdogo, kwa tabia yangu ya ualimu, kama makarani wa sensa walikuwa wakifika kule kwao. Akasema miaka ya mwanzo walikuwa wakijificha, hawakupenda kuhesabiwa, wala watu wala ng'ombe. Baadaye wakazoea. Sensa ile ya mwisho alikuja binti mdogo na kishikwambi, akamwuliza amezaa watoto wangapi. Akajibu mmoja. Wangapi wako hai? Mmoja. Anaishi hapa? Akasema hapana, anaishi kwingine. Nilimwuliza kama alisema hivyo safari ile tu. Alinishangaa. Alisema kila walipokuja, tangu alipoanza kuhesabiwa, alijibu hivyo hivyo.

Mimi nimemaliza, kaka. Msalimie sana wifi Glory, mwambie kitenge alichonipa nimekishona na kimenikaa. Wasalimie watoto, na yule mdogo mwambie shangazi anauliza kama amejifunza kusoma saa. Pascal hajui ninakuandikia, lakini kila jioni anauliza kama umepiga. Mjomba Joakimu anakusalimu. Mama nilimwambia ninakuandikia barua, nikamwuliza nikwambie nini. Alifikiri, akasema nikwambie anakusalimu. Nilimngoja aongeze, hakuongeza.

Ni mimi mdogo wako,
Hilaria Felician